Boom la Oktoba na Penzi la Ng'ambo ya Ziwa

Kama umesoma chuo hapa Bongo unajua kwamba Oktoba si mwezi, ni sherehe. Foleni za usajili, sura mpya, mabegi mapya, na wale wa mwaka wa tatu wamejipanga getini kuangalia nani ameingia. Mimi niliionja Oktoba hiyo mwaka 2009, nilipotoka Kambarage, Shinyanga mjini, kwenda Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT), Malimbe, Mwanza. Ni kama kilomita 160 tu, lakini kwangu ilikuwa kama naenda Ulaya.

Mama alinifungia kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. "Mwanangu, njaa haijui kama wewe ni msomi," aliniambia. Nilipofika geto nikakisukumia uvunguni. Nani ale michembe mbele ya mabishosti wa Dar?

Mchumba wangu alikuwa ng'ambo ya ziwa. Tulikua mtaa mmoja, jirani na Uwanja wa Kambarage, halafu yeye akaenda Nyarugusu, Geita, kutafuta dhahabu. Si kwenye mgodi mkubwa wa Wazungu. Alikuwa mchimbaji mdogo, wa nyundo na tindo.

Wiki ya kwanza haijaisha, boom likatoka. Kwa asiyejua, boom ni pesa ya chakula na malazi ambayo mwanafunzi anakopeshwa. Langu lilikuwa shilingi 300,000, za kunifikisha siku 60. Usiku ule Malimbe haikulala: chipsi kuku, sato wa kukaanga, muziki kila kona. Jumamosi tukapanda daladala kwenda mjini, viatu vipya, picha pale jiwe la Bismarck. Kufika jioni, 70,000 zimeyeyuka.

Tarehe 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, hakukuwa na vipindi. Simu ikaita. "Mpenzi, duara limejaa maji. Tukipata pesa ya kukodi pampu, wiki hii tunalifikia jiwe." Duara ndilo shimo wanalochimbia. Hakuniomba moja kwa moja, lakini nilimwelewa. Nikamtumia 150,000, nikajiona mwanamke wa shoka.

Hesabu ikaja baadaye: 80,000 kwa wiki saba na zaidi.

Hapo ndipo uongo ulipoanza. Wenzangu niliwaambia nina vidonda vya tumbo, kwa hiyo siendi kantini. Yeye akipiga, "Umekula?" namjibu, "Nimekula, tena wali kuku." Nami nikiuliza duara linaendeleaje, ananiambia, "Poa tu, tuko karibu." Kumbe pampu ilifanya kazi siku mbili, maji yakarudi, na yeye sasa anabeba mawe kwa kibarua kwenye karasha, akisaga dhahabu ya watu.

Siku moja mwenzangu wa chumbani, dada wa Tabora, alikuwa anafagia akakutana na kile kiroba. Nikajua leo nachekwa. Akakifungua, akanusa, akasema, "Shoga, una michembe halafu unalala njaa? Karanga ziko wapi?" Tukachemsha na karanga, tukala mpaka tukashiba. Usiku ule nilimweleza yote. Akaniuliza swali moja tu: "Wewe unamficha njaa. Una uhakika yeye hakufichi kitu?"

Kesho yake nikapiga simu nikasema ukweli. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Nakuja."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi akavuka kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo, akafika Malimbe na vumbi lake. Mfukoni alikuwa na 20,000, na karatasi aliyoandika kwa mkono: "Nadaiwa 150,000." Tulikaa ufukweni, kila mmoja akafungua yake. Nilikasirika, nikalia, mwisho tukacheka. Alinilipa kidogo kidogo mpaka nikaingia mwaka wa pili. Leo ni mume wangu.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu boom halikuisha Oktoba ile. Boom ni mkopo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Nawajua wachumba waliochangiwa harusi kubwa, wakapanga nyumba nzuri, halafu mwezi wa kwanza ndani ya ndoa mmoja anaona karatasi ya mshahara ya mwenzake na kuuliza, "Na hili deni?" Ugomvi unaanzia hapo, na hata si deni linalouma. Kinachouma ni kufichwa.

Kwa hiyo kabla ya posa, kaeni chini. Semeni mnapata kiasi gani, mnadaiwa wapi, na nani nyumbani anawategemea. Ukimsaidia mwenzako, mwambie na wewe utabaki na nini. Akishindwa kulipa, asikuambie "poa tu".

Siku hizi kati ya Kigongo na Busisi kuna daraja la kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025. Tukienda Geita tunavuka kwa dakika chache. Mume wangu hupenda kunitania pale katikati: "Umekula?"

Siku hizi namjibu ukweli.