Kwa Miguu Hadi Coventry

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2004, foleni ya magari ilikuwa imeziba barabara kuu namba 91 kaskazini mwa jimbo la Vermont, Marekani, karibu na mpaka wa Kanada. Waliokuwa ndani ya magari hayo walikuwa wakielekea Coventry, mji mdogo wa wakulima, kuisikiliza bendi ya Phish katika tamasha la siku mbili ambalo bendi yenyewe ilikuwa imetangaza kuwa ndilo la mwisho. Wengine walikuwa wamekaa foleni zaidi ya siku nzima. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na mashamba yaliyotengwa kwa ajili ya maegesho yalikuwa tope tupu. Ndipo sauti ya Mike Gordon, mpiga besi wa bendi hiyo, ikasikika kwenye redio ya tamasha ikisema kwamba hakuna gari jingine litakaloingia, na ambao hawajafika wageuze warudi makwao. Maelfu hawakugeuza. Walisogeza magari kando ya barabara, wakafunga milango, wakajitwika mahema na mabegi, wakaanza kutembea. Wapo waliotembea zaidi ya kilomita 15.

Mtu asiyewajua mashabiki wa Phish huona huo ni wazimu wa vijana. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya haraka mno. Watu wale walikuwa na sababu, nayo inaeleweka vizuri zaidi tukiacha kuifikiria safari yao kama ununuzi wa burudani. Hawakwenda Coventry kununua muziki mzuri. Walikwenda kuaga.

Kwanza tuijue bendi. Phish ilianza mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Vermont, mjini Burlington. Kwa miaka mingi wanamuziki wake wamekuwa wanne: Trey Anastasio kwenye gitaa, Gordon kwenye besi, Jon Fishman kwenye ngoma na Page McConnell kwenye kinanda. Sifa yao haikujengwa na redio wala na mauzo ya albamu, ilijengwa jukwaani. Kila usiku hubadilisha orodha ya nyimbo, na wimbo wa dakika tano huweza kunyooshwa hadi nusu saa, wapigaji wakitafutana kwa masikio bila kujua utaishia wapi. Anayeipenda sebene ya Kongo hahitaji kuelezwa utamu wa jambo hilo: kilichorekodiwa studio ni mbegu tu, mti wenyewe huota mbele ya watu. Tena bendi iliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yake na kugawiana bure, desturi iliyotangulia kwa bendi ya Grateful Dead. Basi shabiki wa Phish aliyeihudhuria bendi jana bado hajasikia itakachopiga leo, na ndiyo maana kuifuata kutoka mji hadi mji lilikuwa jambo la kawaida kwao. Mwezi Mei 2004 Anastasio alipotangaza kwamba bendi inavunjika, na kwamba itaagana na watu katika jimbo lilikozaliwa, kila shabiki alijua safari ya mwisho ni ipi.

Wachumi na wanasaikolojia wana maelezo yao ya ung'ang'anizi wa namna hii. Ya kwanza ni kwamba mtu aliyekwisha kulipa huona uchungu kuacha. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanunuzi wa tiketi za msimu za ukumbi wa maigizo katika Chuo Kikuu cha Ohio. Baadhi walipewa punguzo bila kulitarajia, wengine walilipa bei kamili ya dola 15. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maigizo mengi zaidi, ingawa tiketi zilikuwa zilezile. Fedha iliyokwisha kutoka mfukoni iliwasukuma. Ni utafiti mzuri, lakini hauwatoshi watu wa Coventry. Walioshindwa kuingia waliahidiwa kurudishiwa fedha za tiketi, kwa hiyo kugeuza gari ndiko kungewaokolea hasara. Zaidi ya hayo, tamasha lilirushwa kwa setilaiti hadi kwenye majumba ya sinema sehemu mbalimbali za Marekani. Aliyetaka kuona na kusikia tu angekaa kwenye kiti kikavu.

Maelezo ya pili yana nguvu zaidi. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walionyesha kwamba mtu akipitia taabu ili aingie katika kundi, baadaye hulisifu kundi hilo hata kama mazungumzo yake yanachosha, maana moyo haukubali kuwa umeteseka bure. Kwa kipimo hiki, waliotembea kilomita 15 kwenye matope wangetoka Coventry wakiapa kwamba hawajawahi kusikia muziki kama ule. Hawakufanya hivyo. Mpaka leo mashabiki wa Phish huitaja Coventry miongoni mwa maonyesho dhaifu kabisa ya bendi yao. Wimbo unaoitwa Glide uliharibika waziwazi mbele ya umati wa watu zaidi ya 60,000. McConnell alilia akiimba, akashindwa kuendelea. Anastasio, ambaye baadaye alieleza hadharani jinsi alivyokuwa ametekwa na dawa za kulevya, hakuwa mpigaji waliyemjua. Haya yote wanayasema wenyewe, bila kuyapaka rangi. Na watu haohao huisimulia ile njia kwa upendo, hatua kwa hatua.

Nadharia ya taabu haiwezi kushika pande hizo mbili kwa pamoja. Kiswahili kinaweza, kwa neno kusindikiza. Mgeni anapoondoka humsindikizi kwa sababu mazungumzo ya njiani yatakuwa matamu. Unamsindikiza kwa sababu kumwacha aende peke yake kungepunguza kitu katika yale mliyoishi pamoja. Msibani hatumuulizi aliyesafiri usiku kucha kama mazishi yalikuwa mazuri. Swali halipo. Kilicho muhimu ni kwamba alifika, na njia yake ngumu ni sehemu ya heshima aliyoitoa. Aliyeketi kwenye sinema aliliona tamasha, lakini hakumsindikiza mtu.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la usalama. Barabara kuu iliyopangwa magari yasiyo na madereva ni hatari kwa gari la wagonjwa, na wakazi wa Coventry hawakuomba mkusanyiko unaowazidi idadi mara nyingi sana. Sina namna ya kulikwepa hilo, na sidhani kwamba hamu ya kuaga inampa mtu haki ya kuziba njia ya mwingine. Ila lawama kubwa haiendi kwa watembea kwa miguu. Tamasha kubwa huanzia barabarani, na mpangaji anayehesabu vipaza sauti kabla ya kukagua udongo amekosea hesabu ya kwanza. Jambo hili lilijulikana tangu tamasha la Woodstock mwaka 1969, pale njia za kwenda Bethel, lilikofanyika, zilipoziba hata wanamuziki wakaletwa kwa helikopta, na mwimbaji Richie Havens akafungua jukwaa kwa kuwa waliopangwa kumtangulia hawakuwa wamefika. Phish wenyewe walikuwa wamefanikisha matamasha makubwa huko nyuma, lakini mengi yake, kama yale ya Plattsburgh na Limestone, yalikuwa kwenye kambi za zamani za jeshi la anga, zenye eneo pana lililosakafiwa. Coventry palikuwa na uwanja mdogo wa ndege uliozungukwa na mashamba. Mvua haikufanya ila kufichua tofauti hiyo.

Yupo atakayesema kwamba kuaga kwenyewe kulikuwa kwa uongo, kwa kuwa bendi ilirudi. Lakini siku ile hakuna aliyejua, jukwaani wala matopeni. Machozi ya McConnell hayakuwa ya maonyesho, na mtu huaga kwa yale anayoyajua siku anayoaga. Kurejea kwenyewe kulichukua karibu miaka mitano, baada ya Anastasio kukamatwa mwaka 2006 na kuachana na dawa. Tarehe 6 Machi 2009, huko Hampton, Virginia, wanne wale walipanda jukwaani tena. Wimbo wa kwanza ulikuwa Fluffhead, mrefu, wa vipande vingi vinavyofungamana, usiopigika bila mazoezi ya dhati. Hawakuwa wameupiga mbele ya watu tangu mwaka 2000. Waliupiga mpaka mwisho.