Usukani Ukiyumba: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Kwa wakazi wengi wa Kaunti ya Marsabit, Land Cruiser na Land Rover ndiyo magari ya kutegemewa. Hubeba wagonjwa, bidhaa za dukani, mbuzi wa mnadani na abiria kwenye njia za mawe na mchanga. Katika njia hizo gari huenda polepole, hivyo hitilafu ya usukani inaweza kufichika kwa miezi. Hujitokeza gari linapoingia kwenye lami ya barabara ya Isiolo–Moyale na kushika kasi: linavuta huku na huku, au usukani unatetemeka mikononi. Gari refu lililojaa watu, na mizigo juu ya keria, linaweza kupinduka.

Wenye magari wengi hununua spea kwa kubahatisha. Gharama hupungua dereva akiangalia kwanza tatizo linatokea wakati gani.

Dalili na maana yake

- Usukani unatetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa: mara nyingi magurudumu hayana balansi, rimu imepinda, tairi limevimba, au matope yamekauka ndani ya rimu.
- Unatetemeka wakati wa kufunga breki tu: huenda diski za breki zimepinda.
- Gari zima linatetemeka dereva akikanyaga mafuta, lakini usukani umetulia: kagua propela shafti na viungo vyake.
- Gari linayumba na dereva analirekebisha kila wakati: kagua upepo wa tairi, viungo vya usukani, bushi na stering boksi.
- Magurudumu ya mbele yanatikisika kwa nguvu ghafla baada ya kugonga shimo: kuna kitu kimelegea. Gari lisiendelee na safari kabla ya kukaguliwa.

Anza na yasiyo na gharama

Madereva wanaovuka mchanga wa Chalbi hupunguza upepo wa tairi ili gari lisizame. Upepo huo usiporudishwa kabla ya kuingia lami, gari litayumba na tairi litapata joto hadi kupasuka. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari. Tairi za ekseli moja ziwe na upepo sawa.

Osha rimu upande wa ndani, kisha hakikisha nati zote za magurudumu zimekazwa.

Ukaguzi wa watu wawili

Gari likiwa chini, mahali tambarare, mtu mmoja azungushe usukani kidogo kushoto na kulia huku mwingine akiangalia viungo vya mbele. Kiungo kinachocheza kabla ya gurudumu kugeuka ndicho kilicholegea: tairod endi, bushi za fimbo inayoshikilia ekseli isiende kando, au stering boksi yenyewe.

Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki na ekseli iwekewe stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Ulegevu ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zimelegea. Ukibaki, tatizo liko kwenye king pini.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kubadilisha shokabzoba ya usukani ili kutuliza mtikisiko. Shokabzoba mpya hupunguza dalili kwa muda, lakini kiungo kibovu huendelea kulika. La pili ni kufanya alaimenti wakati viungo bado vimelegea, kwa kuwa vipimo havitadumu. Alaimenti ifanywe mwisho. La tatu ni kuinua gari kwa springi ndefu bila kurekebisha mwinamo wa ekseli ya mbele. Gari la aina hiyo linaweza kuyumba hata kama spea zote ni mpya, na usukani haurudi katikati wenyewe baada ya kona.

Likianza kutikisika barabarani

Dereva ashike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu kwenye mafuta na kuacha kasi ipungue taratibu. Asifunge breki kwa ghafla wala kukata usukani. Asimame kando ya barabara mahali salama.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka sehemu zote za gari zitunzwe ili lisihatarishe walio ndani yake wala watumiaji wengine wa barabara. Mwenye gari anapolipeleka kwa fundi, aeleze dalili na wakati zinapotokea, na aombe kuonyeshwa kiungo kilicholegea kabla hakijatolewa. Abiria naye akiona dereva anapigana na usukani, ana haki ya kuomba gari lisimamishwe.