Namna ya Kukabili Kazi za Historia ya Kale, Insha na Ushairi

Miongoni mwa kazi anazopewa mwanafunzi wa sekondari kufanya nje ya darasa ni maswali ya historia ya kale, insha za masimulizi na utungaji wa mashairi. Baadhi ya wanafunzi huzimaliza kwa kunakili daftari la mwenzao au maandishi waliyoyakuta kwenye simu. Alama hupatikana siku hiyo, lakini katika chumba cha mtihani, ambako hakuna daftari wala simu, mwanafunzi huyo hubaki na karatasi tupu.

Kinga ya hali hiyo ni kutambua kwamba kila kazi ina dai lake: historia hudai ushahidi, masimulizi hudai mfuatano wa matukio, na ushairi hudai kipimo. Mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, ambao magofu yake pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, unaweza kuonesha tofauti hizo.

Swali la historia likisema, "Eleza sababu za kustawi kwa Kilwa", neno la kuzingatia kwanza ni "eleza". Kutaja hoja pekee hakutoshi. Kila hoja hufuatwa na maelezo na ushahidi. Anayeandika kuwa Kilwa ilistawi kwa biashara hana budi kuonesha kwamba dhahabu iliyotoka bara ilipitia Sofala, na kwamba pepo za kaskazi na kusi ziliwezesha vyombo kwenda na kurudi katika Bahari ya Hindi. Ushahidi hutoka katika magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, sarafu zilizofukuliwa, na maandishi ya msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331.

Insha ya masimulizi huanzia pengine. Mwanafunzi anaweza kubuni mtoto wa Kilwa aliyeona merikebu za Wareno zikiingia bandarini mwaka 1505. Hapo hahitaji kuorodhesha sababu, bali kumfuata mtoto huyo hatua kwa hatua: alisikia kelele, akatoka nje, akakimbilia ufukweni. Kiambishi "-ka-" ndicho kinachounganisha matukio hayo. Hata hivyo, ubunifu hauondoi ukweli wa historia. Mtoto huyo hawezi kula ugali wa mahindi wala muhogo, kwa kuwa mazao hayo asili yake ni Amerika na yalikuwa bado hayajafika pwani ya Afrika Mashariki.

Katika shairi la kimapokeo la tarbia, kila ubeti huwa na mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane. Mwanafunzi anaweza kuanza hivi: "Kilwa mji wa zamani, bandari yenye fahari." Kipande cha kwanza huhesabiwa Ki-lwa-m-ji-wa-za-ma-ni, yaani mizani nane, cha pili ni ba-nda-ri-ye-nye-fa-ha-ri, nane pia. Anayehesabu "mji" kuwa mizani moja atapata saba, kisha ataongeza neno lisilohitajika na kuliharibu shairi. Kina cha kati hapo ni "ni" na cha mwisho ni "ri", navyo hurudiwa katika mishororo inayofuata ya ubeti huo, isipokuwa kituo ambacho kinaweza kuwa na vina vyake.

Kwa kazi zote tatu, inafaa mwanafunzi alisome swali mara mbili, aandae muhtasari, aandike rasimu, kisha aisome kwa sauti kabla ya kunakili nakala safi. Mzazi au mlezi, hata asiyelijua somo lenyewe, anaweza kusaidia kwa kumsikiliza mtoto akieleza alichoandika. Anayeweza kukieleza bila kutazama daftari amekielewa, na ndiye atakayekuwa na la kuandika siku ya mtihani.