Kizuri Chajiuza, Lakini Pikipiki Isinunuliwe kwa Jina

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina shaka kwamba walisema kweli kwa zama zao, zama ambazo mnunuzi alimjua mfinyanzi wa chungu na mhunzi wa jembe, na aliyeuza kibovu alikutana na mnunuzi wake kisimani kesho yake. Leo mambo yamegeuka. Kizuri na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa vipaza sauti na mabango ya rangi, na aghalabu mnunuzi hatambui tofauti mpaka mkopo wa kwanza umeanza kukatwa katika mshahara wake.

Nasema haya kwa sababu ya jambo lililonifika majuma machache yaliyopita. Jirani yangu hapa Mwiki, mwalimu wa shule ya msingi, alibisha hodi jioni moja akiwa na karatasi tatu za matangazo mkononi. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikuwa imepatikana, na chama cha akiba na mikopo kilikuwa kimemkubalia mwalimu mkopo wa kununua pikipiki ili kijana afanye kazi ya boda boda huku akichanga fedha za masomo.

"Daktari," akaniuliza, "ninunue Boxer, TVS au Honda?"

Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa isimu, sijui lolote la mitambo. Naye akasema, "Isimu ndiyo hasa niliyoijia. Kila ninayemwuliza hunipa maneno matupu. Nisaidie kujua yapi yana maana."

Swali lake halikuwa dogo. Sisi tukaao Mwiki, katika eneobunge la Ruiru na ng'ambo ya mpaka kule Kasarani, twajua kuwa pikipiki si anasa. Barabara Kuu ya Thika, iliyokamilishwa kupanuliwa mwaka wa 2012, iliwaleta watu wengi kujenga na kupanga pande hizi. Hata hivyo mtu akishaiacha lami hujikuta katika udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika hunata kama ugali usioiva. Matatu haifiki mlangoni pa kila mtu. Anayefika ni mwenye boda boda, na ndiye ambaye asubuhi huwapeleka watoto wetu shuleni.

Neno lenyewe boda boda lina historia yake. Lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine huku wakinadi safari yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli ilipowapisha pikipiki, jina lilibaki. Nayo serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo mwaka wa 2008, bei ilishuka, na vijana wengi wakaingia katika kazi hiyo. Hapo ndipo yalipoanza mashindano makali ya chapa tunayoyaona hadi leo.

Ukipita kwenye kituo chochote cha boda boda utasikia chapa hizo zikijadiliwa kama mashabiki wanavyozijadili Gor Mahia na AFC Leopards. Huyu ataapa kwa Boxer, yule kwa TVS, wa tatu atawacheka wote wawili na kuisifu Honda. Vijana hawa wana ujuzi usiodharaulika. Lakini ukiwasikiliza kwa makini utagundua kuwa wengi hutetea jina, wala hawapimi chombo.

Sasa jina ni nini? Somo la kwanza tunalowafundisha wanafunzi wa isimu ni kwamba hakuna uhusiano wa kimaumbile baina ya jina na kitu. Boxer ni mwanandondi, Hero ni shujaa, Captain ni nahodha. Lakini chuma hakiwi kigumu kwa kuitwa shujaa. Honda ni jina la ukoo wa Soichiro Honda, aliyeanzisha kampuni yake nchini Japani mwaka wa 1948. Bajaj ni jina la familia ya Kihindi. TVS ni herufi za jina la mfanyabiashara wa India, T. V. Sundram Iyengar. Ndugu zetu wa Tanzania wameligeuza jina Bajaj kuwa nomino ya kawaida, hata kila kigari cha magurudumu matatu kwao ni bajaji, awe amekitengeneza Bajaj au mwingine. Jina likifikia hapo, limekwisha kumtoka mwenyewe. Halimwambii mnunuzi lolote juu ya ubora.

Hata hoja ya nchi ya asili, kwamba cha Japani ni bora na cha India ni cha kubahatisha, haisimami ikichunguzwa. Kampuni hizo za India zilijifunza kazi kwa kushirikiana na Wajapani: Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, TVS na Suzuki, na Hero ilikuwa ikiitwa Hero Honda tangu mwaka wa 1984 hadi ubia huo ulipovunjwa takriban robo karne baadaye. Kwa upande mwingine, pikipiki nyingi za Kichina zimejengwa juu ya mfano wa injini ya Honda CG125, ambayo Wajapani waliizindua mwaka wa 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, wakijua kuwa mwendeshaji huenda akachelewa kubadilisha oili na kwamba fundi wake atakuwa na spana chache tu. Isitoshe, pikipiki nyingi zinazouzwa hapa huja zikiwa vipande na kuunganishwa nchini. Honda yenyewe ilianzisha kampuni yake ya pikipiki Kenya mwaka wa 2013. Basi aulizaye "ya wapi?" ameuliza swali ambalo jibu lake halimfikishi mbali.

Kuna watakaonikumbusha kuwa mchagua jembe si mkulima. Naam, lakini jembe halinunuliwi kwa mkopo wa miezi kumi na minane. Hebu basi tuyaangalie mambo ambayo mnunuzi hana budi kuyapima.

La kwanza ni kazi na njia. Wale waliokua mashambani watazikumbuka pikipiki za Yamaha AG100 zilizotumiwa na maafisa wa nyanjani. Herufi AG zilitokana na neno la Kiingereza la kilimo, na chombo kililingana na jina: mnyororo wake ulifunikwa wote usiingiwe na tope. Mtengenezaji alianza kwa kuuliza itapita wapi, kisha akatengeneza. Mnunuzi naye afuate utaratibu huo. Boxer kubwa, yenye injini ya takriban sentimita za ujazo 145, humfaa abebaye mizigo mizito na kupanda milima. Lakini Mwiki ni tambarare. Kwa abiria mmoja na safari za kilomita mbili tatu, injini ya 100 au 125, iwe ni ya Bajaj, TVS au Honda, yaweza kutosha, na hunywa petroli kidogo zaidi. Gurudumu la spoki hurekebishwa spoki mojamoja na fundi wa mtaani, ilhali lile la kipande kimoja likipasuka shimoni hubidi kununua jingine. Na chombo kiwe na mtambo wa kuwashia kwa mguu, kwani betri huisha pasipo kumpigia mtu hodi.

La pili ni fundi na vipuri. Hapa chapa ina maana, ila si kwa sababu ya jina. Boxer na TVS zimeenea mno, na kwa hiyo vipuri vyake hupatikana kila duka na kila fundi wa jua kali amekwisha kuvifungua mara nyingi. Pikipiki iliyo bora kuliko zote, ikiwa kipuri chake chapatikana jijini tu, ni hasara kwa mtu wa Mwiki, maana kila siku inapolala ni siku isiyoingiza senti. Lakini umaarufu una ila yake: chapa inayopendwa ndiyo inayoigwa na wauza bidhaa bandia. Mimi mwenyewe niliwahi kununua mnyororo uliofungwa katika pakiti ya kupendeza, ukalegea kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mnunuzi azungumze na mafundi wawili watatu wasiouza pikipiki yoyote, awaulize ni chombo gani wanachokifungua mara kwa mara na kwa ugonjwa gani.

La tatu ni petroli. Matangazo hutoa tarakimu za kuvutia, ambazo mara nyingi hupatikana katika njia laini na kwa mwendo wa wastani. Kipimo cha kweli ni rahisi na kila mwalimu wa hisabati aweza kukifanya somo. Jaza tangi pomoni, andika kilomita, fanya kazi siku nzima, kisha ujaze tena. Iwapo mwendeshaji amekwenda kilomita 120 na tangi likapokea lita 2.5, basi chombo kimekwenda kilomita 48 kwa lita. Mnunuzi amwombe mwendeshaji anayemfahamu wapime pamoja kabla ya kusaini karatasi yoyote.

La nne ni bei ya mkopo, ambayo ni tofauti na bei ya pikipiki. Tuseme, kwa mfano tu, pikipiki yauzwa shilingi 170,000 taslimu. Mchuuzi akuambie utoe 30,000 kwanza, halafu shilingi 400 "tu" kila siku kwa siku 540. Neno hilo "tu" ndilo ghali kuliko yote katika tangazo. Mia nne mara 540 ni shilingi 216,000. Ukijumlisha na zile za kwanza utapata 246,000. Umelipa 76,000 zaidi ya bei. Huenda yafaa kulipa hivyo kwa asiye na njia nyingine, lakini na alipe akijua.

Siku hizi pamekuja pia pikipiki za betri, kama za Roam, Spiro na Ampersand, hii ya mwisho ikiwa ilianzia Rwanda. Hazina oili ya injini ya kubadilisha wala plagi ya kusafisha, na mwendeshaji katika nyingi ya huduma hizo hubadilishana betri iliyoisha kwa iliyojaa kituoni. Mnunuzi asiulize mwendo wake pekee, bali kituo cha betri kiko umbali gani kutoka kwake, na itakuwaje ikiwa kampuni hiyo itapandisha ada.

La tano, nami naliweka mwisho kwa kuwa ndilo zito, ni usalama. Nchini Marekani kulikuwa na pikipiki za kuchezea na kufanyia kazi za mashambani, zenye magurudumu matatu manene. Honda ilizianzisha mwaka wa 1970, na kampuni nyingine zikafuata. Zilipinduka mno, na miongoni mwa waliokufa na kuumia walikuwamo watoto wengi. Mwaka wa 1988 serikali ya nchi hiyo ilifikia makubaliano na watengenezaji wakuu kuwa mpya zisiuzwe tena, na zile za magurudumu manne, mfano wa hizi wanazokodi watalii katika ufuo wa Diani, zikashika nafasi yake. Watengenezaji hao walikuwa na majina makubwa kuliko yote katika biashara hiyo. Majina hayo hayakumkinga mtoto hata mmoja.

Nasi hapa tuna aibu yetu. Asubuhi nikisimama kando ya njia huona pikipiki moja imebeba wanafunzi watatu, hata wanne, wadogo wakiwa wamebanwa katikati, na hakuna mwenye kofia ngumu isipokuwa pengine mwendeshaji. Sheria ya Kenya yaruhusu abiria mmoja tu, naye sharti avae kofia na koti linalong'aa. Sisi wazazi na walimu twabishana ipi ni bora baina ya Boxer na TVS, ilhali watoto wetu wanne wameketi juu ya breki zilizokusudiwa kusimamisha watu wawili. Uamuzi huo hauhitaji fundi wala mtaalamu. Mlango wa shule una mwalimu wa zamu. Naye aweza kukataa mtoto ashushwe hivyo, na mzazi aweza kulipia safari ya pili.

Haya yote nilimwambia jirani yangu, naye akaandika katika daftari lake la maandalio ya masomo. Alikwenda kwa mafundi, akapima petroli na mwendeshaji wa mtaani mwake, akapiga hesabu. Aliporejea, hakuniambia kwanza jina la chapa. Aliniambia kuwa ameiacha ile pikipiki kubwa aliyokuwa ameikusudia, akachagua yenye injini ndogo, na fedha zilizosalia atamlipia kijana mafunzo ya udereva, leseni, bima na kofia mbili zenye alama ya ubora.

Kijana, nasikia, hakufurahi. Rafiki zake kituoni walikuwa wakimngoja na ile kubwa. Lakini bado yu darasani kwa mwalimu wake wa udereva, na pikipiki haijatoka dukani. Baba yake amesema itatoka siku leseni itakapotoka.