Honda ya Kuku

Kuku alikuwa amelalia mayai katika karai lililofungwa nyuma, juu ya keria. Chini ya karai ilikuwapo Honda 90, ama tuseme kutu yenye umbo la Honda 90, imeegemea ukuta wa uani huko Kisauni. Mpwa wangu akaliondoa gunia lililoifunika, akaniuliza, "Mjomba, waionaje?" Nikamwambia naona kiota.

Mwenyewe alitaka shilingi 7,000. Ningecheka nikaenda zangu, lakini fedha hizo zilikuwa za dadangu, zamu yake ya mchezo aliyoingojea miezi kumi. Dada hupika mahamri alfajiri na kuyapeleka madukani, na nauli ya tuktuk ilikuwa ikimla faida yote. Kijana akiangukia chuma kibovu, mchezo ndio umekwisha.

Basi kabla ya shilingi kutoka mfukoni, nikataka kuiona logibuku. Ilikuwapo, ila namba iliyopigwa chumani ilikuwa imefunikwa na kutu. Tukaisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikasomeka, tarakimu moja moja, ikalingana. Isingelingana, hata kwa bure nisingeikubali.

Honda za ukoo huu zilianza kuundwa Japani mwaka 1958. Soichiro Honda alishughulika na mashine. Mwenzake Takeo Fujisawa, mtu wa biashara, alitaka chombo ambacho mchukuzi wa chakula aweza kukiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia. Ndiyo maana haina mkono wa klachi: mguu ubadilishao gia ndio uiachiao klachi. Kufikia 2017 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 100. Mashine iliyozaliwa kubeba chakula haikuwa mgeni kwa mpika mahamri.

Lakini kiki iligoma. Hapo vijana huirukia kwa mguu, na hapo ndipo ringi huvunjika na silinda kuchubuka. Fundi mmoja wa Majengo, mtu mwenye maneno machache, akafungua plagi, akamimina oili nyepesi tunduni, akatwambia twende zetu. Tulirudi siku ya nne. Akaisukuma kiki kwa mkono, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, na pistoni ikaachia. Mpwa wangu akapiga kelele. Mimi nikasema alhamdulillahi kimoyomoyo, kwani nilikuwa nimekwisha tunga maneno ya kumwambia dadangu.

Yaliyobaki yalikuwa ya subira. Tangi lilitiwa changarawe na mafuta ya taa, likatikiswa mpaka kutu ikatoka kama chai ya rangi. Jeti ya kabureta ilipulizwa kwa upepo, haikuchokolewa kwa sindano, maana tundu likipanuka mashine hunywa petroli kama ngamia. Pointi zilisuguliwa na kuachiwa nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4. Taabu kubwa ilikuwa bodi. Honda hii imeundwa kwa bati lililopigwa chapa, ndani lina uwazi, na chumvi ya bahari huila toka ndani huku nje rangi ingali yang'aa. Fundi aliigonga kote kwa mpini wa bisibisi akisikiliza. Nyuma, karibu na gurudumu, sauti ilikuwa butu. Pakakatwa, pakachomelewa bati jipya. Pana kovu, na mimi napendelea libaki lionekane.

Kijana naye alitaka mapambo: taa za rangi, na ekzosi ikatwe ingurume. Nilimweleza kuwa ekzosi ikiachwa wazi bila kabureta kurekebishwa, mchanganyiko huzidi hewa na mashine ikapata joto. Hakusikia. Mamake ndiye aliyekata kesi: "Nikisikia mngurumo huo, mahamri utayabeba kichwani."

Tairi, tyubu, mnyororo, breki na ujira wa fundi vilifikisha gharama yote, pamoja na bei, shilingi 21,500. Sasa kila baada ya sala ya alfajiri huisikia ikipita dirishani pangu, sauti ya cherehani, na lile karai, lililosuguliwa kwa mchanga na majivu, liko palepale juu ya keria, limefunikwa kitambaa cheupe. Kuku alipewa kikapu. Ikipanda Daraja la Nyali bado hutoa moshi kidogo wa buluu. Ringi zangoja zamu ijayo ya mchezo.