Masanduku ya Mashairi

Mwishoni mwa Machi, wakati sisi Visiwani tunatazama mawingu ya masika yakijikusanya, wakazi wa Matsuyama, katika kisiwa cha Shikoku nchini Japani, hupanda kilima cha ngome yao ya kale kwenda kutazama micheri ikichanua. Maua hayo hayadumu hata majuma mawili. Na wapo waendao na kalamu mfukoni.

Tangu miaka ya 1960, serikali ya mji huo imeweka masanduku ya kutumbukizia mashairi, mfano wa yale ya posta, pale ngomeni na penginepo wapitapo watu. Yeyote, mwenyeji au mgeni, huandika alichokiona akatumbukiza. Waamuzi huyasoma, na yaliyo bora hutangazwa.

Shairi lenyewe, liitwalo haiku, lina mizani 17 tu: 5, 7, kisha 5. Mjuzi wa tungo zetu ataona mara moja kuwa hiyo ni mizani moja tu zaidi ya mshororo wetu mmoja wa mizani 16. Hapana nafasi ya kuhutubu humo. Mtunzi hutaja kitu alichokiona, pamoja na neno la majira: chura, mbayuwayu, kipepeo, yote hayo kwa Wajapani ni dalili za majira ya kuchipua, na yana vitabu vyake maalumu. Masaoka Shiki, mzaliwa wa Matsuyama aliyelisimamisha jina la haiku, aliugua kifua kikuu. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1902, alitunga akiwa kitandani, akitazama kibustani chake.

Hatuyaandiki haya kwa kuwahusudu Wajapani. Kaskazi, kusi, vuli, kipupwe, bamvua, maji mafu: hiyo ni hazina ya wavuvi na wakulima wetu, lakini wapo watoto wa mjini wasiojua upepo uvumao leo waitwaje. Mwalimu awatoaye wanafunzi nje nusu saa, kila mmoja aandike mshororo mmoja juu ya mvua ya kwanza, hahitaji fungu la fedha. Wala sanduku la mbao si jambo la kuundiwa kamati.

Tunawaomba wakuu wa mabaraza ya miji waanze na mawili: moja Forodhani, Unguja, jingine bandarini Mkoani, Pemba, ambako abiria hungoja chombo huku bahari i mbele ya macho yao. Yapakwe rangi ya mafuta kabla masika hayajaingia.