Apeli ya Mtu Aliyeua

Wakristu wanauliza: «Mtu ameua, damu imekwisha kumwangika. Apeli ni ya nini tena?» Tujibu kwa utaratibu.

Katika Morali tunafundishwa kwamba zambi ya mauti inadai mambo matatu: jambo zito, kulijua vema, na kulikubali kwa moyo wote. Woga, ujinga ao masumbuko ya roho yanaweza kupunguza hatia. Sheria ya Kongo nayo ina mizani yake.

Tuweke mfano. Kule Nyantende, karibu na Bukavu, watu wawili wanagombania mpaka wa shamba. Mmoja anampiga mwenzake jembe, naye anakufa. Sheria ya azabu ya 30 Januari 1940 inauliza: Alikuwa na nia gani? Aliyepanga mbele kuua, azabu yake ni kufa. Aliyetaka kuua pasipo kupanga mbele, azabu yake nayo ni nzito sana. Aliyetaka kupiga tu, wala si kuua, miaka 5 mpaka 20. Tena artikulo ya 18 inampa juji uwezo wa kupunguza azabu yoyote kati ya hizo, kama kuna sababu za kumhurumia. Artikulo ya 19 inamwamuru azitaje. Katika Uganda majuji walinyimwa uwezo huo kwa kosa la kuua, mpaka shauri la Susan Kigula na wenzake lilipokatwa mwaka 2009.

Basi apeli ya namna hii si kusema «Sikuua», wala si kutunga uwongo. Ni kuomba korti ya juu ipime upya nia ya mtu, kwa maneno ya walioona ugomvi ulivyoanza, na kwa barua ya munganga kama akili ilikuwa na ugonjwa.

Lakini siku ni chache. Sheria ya 6 Agosti 1959 inampa mhukumiwa siku 10 tu. Ndugu zake wanazimaliza katika aibu ao katika kutafuta franka za avoka, kumbe yeye mwenyewe anaweza kumwambia ao kumwandikia karani wa tribinali: «Ninafanya apeli.» Tangu 2003 Kongo ilikuwa imesimamisha kuwaua wahukumiwa, Machi 2024 Serikali iliondoa kizuizi hicho. Kwa hiyo kuchelewa kunaweza kumpotezea mtu uzima wake.

Padri ao katekista anayeingia gerezani aulize kwanza: «Hukumu ilisomwa siku gani?» Kisha aende kwa mjane wa marehemu vilevile. Kumpima muuaji kwa haki si kusahau machozi yake.